Viatu vyekundu havimo kitabuni

Kwenye mabanda ya video Mwanjelwa, Mbeya, ubishi huu hauishi. Filamu mpya ya hadithi ya kale ikitoka, lazima mtu aseme, "Wameharibu, kitabuni siyo hivyo." Muulize kitabu alikisoma lini, kumbe aliona filamu ya zamani. (Wapo pia wanaonukuu utani wa DJ aliyetafsiri, wakiapa ni maneno ya mwigizaji.)

Tumezoea kuamini kwamba kila filamu huchota moja kwa moja kitabuni. Mara nyingi huchota pia kwa filamu iliyoitangulia.

Chukua hadithi ya mchawi wa Oz, nchi ya kubuni, aliyoiandika L. Frank Baum mwaka 1900. Kitabuni, msichana Dorothy, mhusika mkuu, anavaa viatu vya fedha. Filamu ya 1939 ikavifanya vyekundu ili ving'ae zaidi kwenye picha ya rangi, maana wakati ule filamu za rangi zilikuwa bado ngeni machoni. Na yule mchawi mbaya mwenye ngozi ya kijani? Naye ni wa 1939. Baum hakumpaka rangi hiyo.

Mwaka 1985 Disney walitoa Oz yao, wakiegemea vitabu vya Baum, ila viatu wakavitaka vyekundu. Ikabidi wawalipe MGM, kampuni iliyotengeneza filamu ile ya 1939. Yaani walilipia kitu ambacho mwandishi hakukiandika kabisa!

Filamu ya Wicked ya 2024, inayosimulia maisha ya yule mchawi wa kijani, imerudisha viatu vya fedha. Ngozi ya kijani haikuguswa; bila hiyo, hadithi yenyewe isingesimama.