Umbo la almasi ya pete ya uchumba: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Kati ya maamuzi yote anayoyafanya mtu anayenunua pete ya uchumba yenye almasi, kuchagua umbo la jiwe ndiko kunakoonekana rahisi zaidi, na ndiko kulikozungukwa na maneno mengi yasiyo na msingi. Maneno hayo hupokewa kutoka kwa ndugu, marafiki na wakati mwingine wauzaji wenyewe, kisha mnunuzi huyabeba hadi dukani pamoja na akiba yake. Akifika huko hulipia kitu asichokihitaji, au huacha kukagua kile ambacho umbo alilolichagua lilimtaka akikague.

Dhana yenye madhara makubwa kuliko zote ni ile inayochanganya umbo na ubora wa mchongo. Umbo ni mzingo unaoonekana jiwe likitazamwa kutoka juu: mviringo, yai, tone, moyo, mraba au mstatili. Ubora wa mchongo ni jambo jingine kabisa, kwa maana unahusu mwinamo wa zile nyuso ndogo zilizochongwa, uwiano kati yake na kina cha jiwe, mambo ambayo huamua kama mwanga ulioingia utarudi machoni mwa anayetazama au utapotelea upande wa chini. Almasi mbili za mviringo zinaweza kulingana kwa uzito, rangi na usafi, yaani uchache wa dosari, lakini moja ikawaka na nyingine ikafifia kwa sababu tu fundi wa ile ya pili alitaka kubakiza uzito.

Taasisi ya Vito ya Marekani, GIA, ilianza mwaka 2006 kuweka daraja la mchongo katika vyeti vya almasi za mviringo. Vyeti vingi vya maumbo mengine havina daraja hilo, na hapo ndipo wengi hujikwaa: husoma kwamba jiwe limeng'arishwa vizuri sana na kwamba lina ulinganifu mzuri, wakadhani wameambiwa kwamba linametameta. Hawakuambiwa hivyo. Anayependa yai, tone, au markizi, ambalo ni umbo refu lililochongoka ncha zote mbili, anapaswa kukiangalia kwa macho yake kile kivuli cheusi kinachokatiza katikati ya jiwe, ambacho mafundi hukifananisha na tai ya shingoni yenye sura ya kipepeo. Karibu kila jiwe refu la aina hii huwa na kivuli hicho kwa kiasi fulani. Katika baadhi ni hafifu na hucheza kadiri mkono unavyosogea, katika mengine hutuama na kulifanya jiwe lionekane lina shimo. Karatasi haitaonyesha tofauti hiyo. Ni lazima jiwe litazamwe, na si chini ya taa kali za dukani pekee, bali pia dirishani na mahali penye kivuli, huku likigeuzwa polepole.

Dhana nyingine husema kwamba almasi ya mviringo ni bora kwa kuwa ni ghali kuliko nyingine zenye uzito sawa. Ughali huo ni wa kweli, ila sababu yake ni nyingine. Fuwele nyingi za almasi ghafi huwa na sura ya piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Fuwele ya namna hiyo ikichongwa kuwa mawe ya mraba, pembe zake hutumika vizuri na uzito mwingi hubaki. Ikichongwa kuwa ya mviringo, pembe zote huliwa na gurudumu la kuchongea, na mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito hupotea. Mfano ulio wazi tunao hapa kwetu. Mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui mkoani Shinyanga, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, na mwenye mgodi, John Williamson, akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa akiolewa mwaka huohuo. Ilipochongwa London mwaka uliofuata kuwa jiwe la mviringo, zilibaki karati 23.6. Karati zipatazo 31 zilipotea ili mviringo upatikane, na mnunuzi wa jiwe dogo la mviringo leo naye hulipia sehemu ya upotevu wa namna hiyo, pamoja na ukweli kwamba umbo hili linatafutwa sana.

Isieleweke kwamba mviringo hauna ubora wake. Marcel Tolkowsky, aliyetoka katika familia ya wachonga almasi wa Antwerp, Ubelgiji, alichapisha mwaka 1919 hesabu za miinamo ya mchongo huu, na tangu hapo umechunguzwa kuliko mwingine wowote. Ukichongwa vizuri hurudisha mwanga kwa nguvu na huficha vizuri dosari ndogo na umanjano kidogo wa jiwe. Hizo ni sababu nzuri za kuupenda. Bei si mojawapo. Hata Cullinan, almasi ghafi ya karati 3,106 iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1905, ilipochongwa Amsterdam na kampuni ya Asscher, kipande chake kikubwa kilipewa umbo la tone na cha pili umbo la mto, yaani mraba wenye pembe za mviringo, na vyote viwili vimo katika hazina ya taji la Uingereza.

Kuhusu karati, wengi huamini kwamba ni kipimo cha ukubwa, wakati ni kipimo cha uzito, gramu 0.2 kwa karati moja. Almasi ya mviringo ya karati moja iliyochongwa vizuri huwa na kipenyo cha takriban milimita 6.5, yai la uzito huohuo hukaribia milimita 7.7 kwa 5.7, markizi huweza kufika 10 kwa 5, na mraba wenye nyuso nyingi unaoitwa prinsesi huwa na upande wa milimita 5.5 hivi. Jiwe lenye kina kupita kiasi huuficha uzito wake chini, ambako hakuna atakayeuona pete ikivaliwa. Vipimo vya milimita vimeandikwa katika cheti, na visomwe kabla ya karati.

Wapo pia wanaopanga daraja la rangi na usafi kwanza, ndipo wachague umbo, kana kwamba daraja moja hutosha kwa maumbo yote. Mchongo wa zumaridi, ambao ni mstatili wenye pembe zilizokatwa na nyuso ndefu zilizopangwa kama ngazi, haufichi kitu. Doa dogo ambalo lingepotea ndani ya mmeto wa mviringo huonekana hapo waziwazi. Pete ya uchumba ya Grace Kelly, mwigizaji wa Marekani aliyeolewa na mtawala wa Monaco, ilikuwa na jiwe la mchongo huu, la karati 10.47, na utulivu wake ndio uzuri wake, lakini utulivu huo hudai jiwe safi. Katika yai na tone, kwa upande mwingine, umanjano hujikusanya kwenye ncha. Kwa hiyo umbo ndilo liamuliwe kwanza, na fedha zielekezwe kwenye sifa ambayo umbo hilo litaianika.

Lile la kwamba umbo la jiwe lazima lifuate umbo la vidole lisiwasumbue watu. Ni kweli kwamba jiwe refu hufanya kidole kionekane kirefu kidogo, lakini upana wa pete na ukubwa wa jiwe navyo hubadilisha mwonekano, na hakuna kanuni inayomkataza yeyote umbo lolote. Pete ijaribiwe mkononi.

Linabaki lile la kwamba almasi haivunjiki. Almasi ndiyo madini magumu kuliko yote ya asili kwa maana ya kutokwaruzwa, na ina alama 10 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, lakini ndani yake ina mielekeo minne ambayo ikigongwa sawasawa kuifuata hupasuka. Kwa karne nyingi wachongaji waliitumia mielekeo hiyo kuigawa almasi, na Cullinan yenyewe iligawanywa hivyo mwaka 1908. Hatari huwa kubwa zaidi penye ncha, yaani pembe nne za prinsesi, ncha ya tone na ya moyo, na ncha mbili za markizi. Maumbo haya yanahitaji vishikizi vya dhahabu vyenye umbo la V vinavyoifunika ncha, au ukingo wa dhahabu unaolizunguka jiwe lote. Anayefanya kazi za mikono kila siku, awe muuguzi anayevaa na kuvua glovu au mpishi, atapata amani zaidi kwa mviringo, yai au umbo la mto, na kwa jiwe lisiloinuliwa sana juu ya kidole. Pete itikiswe mara kwa mara karibu na sikio, na ikisikika sauti ya kugongagonga, basi vishikizi vimelegea na jiwe lipelekwe kwa sonara kabla halijavaliwa tena.