"Leo hakuna jua": dhana za Goma kuhusu mwale usioonekana

"Leo hakuna jua." Neno hili husikika Goma karibu kila asubuhi, mawingu yakiwa yamelala juu ya volkano ya Nyiragongo na upepo wa ziwa ukileta baridi. Mama anamtuma mwanawe mwenye ualbino dukani bila kofia, kwani jua lenyewe liko wapi? Jioni shingo ya mtoto imekuwa nyekundu, hataki iguswe hata na kola ya shati. Siku chache baadaye ngozi inabanduka vipande vipande.

Kosa ni kupima jua kwa joto. Miale inayounguza ngozi ni ya urujuanimno: iko ng'ambo ya rangi ya urujuani, jicho halioni, ngozi haihisi inapopenya. Mjerumani Johann Wilhelm Ritter aliigundua mwaka 1801, alipoona chumvi ya fedha ikigeuka nyeusi upesi zaidi mahali ambapo macho hayakuona rangi yoyote. Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo. Tena, kila unapopanda mita 1,000 nguvu yake huongezeka kwa takriban asilimia 10. Sisi tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, ambako adhuhuri jua husimama utosini. Baridi yetu ndiyo inayotudanganya.

Wengine husema ngozi nyeusi haina la kuogopa. Melanini, yaani ile rangi nyeusi ya ngozi, ni ngao kweli, na ndiyo maana saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni nadra kwetu weusi. Lakini jicho halina ngao kama hiyo: miaka mingi ya jua huchangia mtoto wa jicho, na pia ile nyama inayoota juu ya weupe wa jicho kuelekea mboni. Mwenye ualbino hana ngao hata ya ngozi. Kwake kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni vitu vya lazima, na inaniuma kuona mafuta hayo yakihesabiwa kuwa anasa. Na anayejichubua kwa krimu anaivua kwa pesa yake ngao aliyozaliwa nayo.

Miwani nyeusi ya barabarani je? Weusi wa kioo si kinga. Nyuma ya kioo cheusi mboni hupanuka, na kama hakikuwekewa kinga ya urujuanimno, miale mingi zaidi huingia ndani.

Nenda mtaa wa Birere umwangalie fundi wa kuchomelea milango. Amevaa miwani hiyohiyo, au amefumba jicho moja tu. Cheche ya umeme wake hutoa urujuanimno mkali, hata ule wa aina ambayo anga hairuhusu itufikie kutoka juani. Mchana hasikii kitu. Usiku wa manane anaamka macho yakichoma kama yamemwagiwa mchanga, na jirani anamshauri aweke maziwa au kiazi kibichi. Asiweke chochote kati ya hivyo. Utando wa mbele wa jicho umeungua, na vya jikoni huweza kuongeza vijidudu. Mara nyingi hupona kwa siku moja au mbili, lakini amwone mganga wa macho, na kesho avae barakoa ya kazi yenye kioo chake maalumu. Mtoto anayesimama kando kutazama cheche naye huungua vilevile.

Kuna pia wanaosema tundu la ozoni, ile hewa ya juu angani inayochuja urujuanimno, limefunguka juu ya Afrika. Tundu hilo hutokea Antaktika, na lilitangazwa mwaka 1985. Miaka miwili baadaye, Mkataba wa Montreal ulitiwa saini ili kuzuia kemikali zilizolisababisha. Huku kwetu ozoni ni nyembamba kwa maumbile tu. Nje ya anga hakuna ozoni kabisa, na vijidudu vingi hufa upesi vikipigwa na jua tupu. Lakini mabonge ya bakteria aina ya Deinococcus yalikaa miaka mitatu nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga: waliokufa juu waliwafunika walio chini, na hao wakabaki hai.

Mwisho, kuna dhana kwamba miale hii ni sumu tupu. Ngozi huitumia kutengeneza vitamini D. Na katika mji unaochota maji ya Ziwa Kivu kwa bidoni, mji uliozika maelfu ya watu kwa kipindupindu mwaka 1994, miale hii inaweza kuua vijidudu vya maji. Chukua chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Toa karatasi yake, jaza maji maangavu. Yakiwa na tope, yachuje kwanza. Ilaze juu ya bati kwa muda wa saa 6 za jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Bidoni ya njano haifai, kwa sababu miale haipenyi.