Kwa Nini Kima wa Jozani Wanakula Mkaa?

Kuna video inayozunguka kwenye simu: kima mwekundu mgongoni, mweupe kifuani, amekaa tawini anatafuna kipande cha mkaa kwa raha zake kama mtu mwenye biskuti. Watu wa mbali wakiiona husema hiyo ni kazi ya kompyuta. Unguja tunacheka tu. Muulize mpika mkaa yeyote wa upande wa Pete na Jozani: ukishafukua tanuri ukaenda kutafuta maji ya kunywa, ukirudi wezi washapita.

Mwizi mwenyewe ni kima punju, ambaye dunia nzima asili yake ni Unguja peke yake. Wale wa msitu wa Ngezi, Pemba, walivushwa bahari kutoka huku miaka ya 1970. Neno "punju" maana yake ni sumu. Wazee waliamini mti anaoula hufa, na mbwa akimla yeye hunyonyoka manyoya. Walimsingizia, lakini kuhusu sumu hawakuwa mbali, maana sumu ndiyo inayompeleka kwenye mkaa.

Huyu ni mla majani. Tumbo lake limegawika vyumba, mfano wa la ng'ombe, na humo vijidudu huyachachusha majani mpaka yakasagika. Kwa hiyo embe bivu, ambalo wewe na mimi tungeligombania, yeye halimshughulishi. Sukari yake ingemvuruga tumbo. Anataka majani machanga na matunda mabichi. Sasa, makundi yanayokaa nje ya msitu wa Jozani, kwenye mashamba ya watu, yanakuta miembe na miti ya mikungu tele. Majani yake yana protini nyingi, ila yamechanganyika na fenoli, kemikali ambazo mti huzitumia kujilinda na walaji. Zikizidi tumboni huzuia chakula kusagika, na huweza kudhuru.

Hapo ndipo mkaa unapoingia. Kipande kimoja kimejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na fenoli hunasa humo zikatoka na choo, huku protini ikibaki mwilini. Hospitali nazo huwapa mkaa baadhi ya waliokula sumu, ingawa ule umetengenezwa maalumu. Mwaka 1997 mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake walichapisha matokeo ya kuupima mkaa wanaokula kima hawa, na ule wa matanuri yetu ya udongo ulinasa fenoli vizuri sana.

Linalonishangaza mimi zaidi ni kwamba kima wa ndani ya msitu kwa kawaida hawana habari na mkaa. Si silika, ni mafunzo ya nyumbani: mtoto humtazama mama yake, akaonja, akazoea, kama sisi tulivyofunzwa urojo. Huokota kwenye visiki vilivyoungua, matanurini, hata jikoni kwa mtu, na kukibana kipande kwa vidole vinne, kwa sababu kidole gumba chake ni kama hakipo.

Ukienda Jozani kuwatafuta walaji mkaa, basi usihangaike ndani ya msitu. Vuka barabara upande wa mashambani, utazame midomo. Na kwenye yale matuta ya barabarani punguza mwendo. Yaliwekwa kwa sababu yao.