Flashi Ikigoma Kufomatika, Usikimbilie Kusema Virusi

Hapa Mombasa, kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea, flashi ikigoma kufomatika hukumu ni moja: "Ina virusi hiyo." Aa, jamani! Virusi vinavyozunguka kwenye saiba huficha mafolda na kukuachia njia za mkato. Flashi yenyewe hufomatika kama kawaida. Ikiandika "The disk is write protected", tazama ubavuni kwanza. Flashi chache zina kiswichi cha kufungia, na adapta za kadi ya SD huwa nacho. Kama hakipo, shuku chipu.

Memori ya flashi huchakaa kila inapoandikwa. Sehemu zikifa, chipu hutumia za akiba, na akiba ikiisha flashi nyingi hujifunga: kusoma ruhusa, kuandika marufuku. Imekupa fursa ya mwisho utoe picha za harusi, nawe umeshupaa kuifuta! Nakili faili zako kwanza. Kwanza, si baadaye.

Ndipo ufungue Command Prompt (dirisha la amri la Windows) kama administrator, uandike diskpart, kisha list disk. Itambue flashi kwa ukubwa wake, kwani ukikosea namba utafuta diski ya kompyuta. Tuseme ni namba 1: select disk 1, halafu attributes disk clear readonly, halafu attributes disk peke yake usome majibu. Ukiona "Current Read-only State: Yes" na mstari wa pili "Read-only: No", kwa kawaida kufuli iko ndani ya chipu. Ni nadra programu ya bure mtandaoni kuifufua, na kufomati mara kumi ni kujichosha. Zote mbili zikiwa No, endelea: clean, create partition primary, format fs=exfat quick. Ikionyesha "No Media" na 0 B, chipu haiifikii memori tena, itupe.

Kuna na madai mengine. "Nimefomati, kwa hivyo hakuna atakayeona vitu vyangu." Fomati ya haraka hufuta orodha tu, faili zimo. Usiuze flashi hivyo.

"Redio ya gari haisomi, flashi mbovu." Redio nyingi zataka mfumo wa faili wa FAT32, na dirisha la kufomati la Windows 10 halikupi FAT32 flashi ikizidi GB 32. Tumia programu ya Rufus. Ila faili la GB 4 au zaidi halitaingia, hata nafasi ikiwa tele. Kwa filamu kubwa, tumia exFAT.

"Ni GB 64 lakini yaonyesha 59, nimeibiwa." Hujaibiwa, Windows huhesabu kwa 1,024 na kiwanda kwa 1,000. Aliyeibiwa ni yule wa GB 512 kwa bei ya sahani ya biriani: chipu imefundishwa kudanganya, na kufomati hakuongezi hata GB moja. Ipime kwa H2testw, inayoijaza na kuisoma upya. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde huchukua karibu saa mbili kujaa tu. Ianzishe baada ya adhuhuri, uje uiangalie alasiri.