Ukamilifu uliopitiliza ni nini?

Ni hali ya mtu kujiwekea kiwango cha juu mno, kisha akapima thamani yake yote kwa kiwango hicho. Hii si bidii. Fundi mwenye bidii akimaliza gauni hulikabidhi akashika jingine. Mwenye hali hii huligeuza, akaona mshono umepinda kidogo, akafumua. Mteja anarudi asubuhi ya harusi, gauni bado liko kwenye cherehani.

Ndiyo maana wengi wao huchelewa. Mwanafunzi wa chuo anaweza kuandika upya sura ya kwanza ya tasnifu muhula mzima bila kumpelekea msimamizi hata ukurasa mmoja. Ukimwita mvivu unamwonea, maana usiku hapati usingizi. Anachoogopa ni kalamu nyekundu.

Mwaka 1991 wanasaikolojia wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, walitaja aina tatu: kujidai mwenyewe, kuwadai wengine, na kuamini kwamba watu wanakutaka usikosee kamwe. Ya pili hutawala nyumbani: mama anarudia vyombo ambavyo binti yake ameshaviosha, baba anaonyeshwa alama 92 anauliza nane zimekwenda wapi. Mtoto wa nyumba hiyo hujifunza upesi kuficha karatasi za mtihani.

Ya tatu ndiyo naiona nzito kuliko zote. Mtu anaishi akijitazama kwa macho ya wakwe, majirani na wafuasi wa mtandaoni, na macho hayo hayafumbi. Watafiti Thomas Curran na Andrew Hill walichambua majibu ya wanafunzi wa vyuo zaidi ya 41,000 wa Marekani, Kanada na Uingereza, ya kuanzia 1989 hadi 2016. Aina zote zilikuwa zimepanda, lakini hii ndiyo iliyopanda zaidi: asilimia 33.

Tena hali hii ya ukamilifu haimkamati mtu kila mahali. Mhasibu anayerudia hesabu mpaka usiku anaweza kulala chumba kilichovurugika asijali kabisa. Inamkaba pale alipoweka heshima yake.

Wengine huiona kwenye ibada: mtu anarudia udhu hadi wenzake wanatoa salamu ya kumaliza swala, na bado moyo hautulii. Ikifika hapo, au ikimnyima mtu usingizi na chakula, inaweza kuwa ni maradhi. Amwone mtaalamu wa afya ya akili, na azungumze pia na sheikh au mchungaji wake.