Presha ya macho inayoletwa na dawa za steroidi ni kitu gani?

Jamani hili swala naomba tulielewe vizuri, maana hapa Dar kichupa cha dawa ya macho yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) unapewa famasi ya mtaani bila hata kuulizwa cheti cha daktari.

Ndani ya jicho kuna maji (sio machozi, hayo yako nje), yanatengenezwa muda wote na yanatoka kupitia kichujio kidogo sana kilichopo pembeni, pale kioo cha jicho kinapokutana na ile sehemu yenye rangi. Yakitoka sawasawa presha inakaa kati ya 10 na 21, wanapima kwa milimita za zebaki. Sasa steroidi kwa baadhi ya watu inakibadilisha hicho kichujio, uchafu wa protini unarundikana na maji yanatoka kwa shida, ni kama sinki limeanza kuziba huku koki iko wazi. Presha inapanda, inaukandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa ule ukishakufa haurudi tena. Hiyo ndo glakoma.

Shida kubwa ni kwamba hauumwi. Mtoto ana aleji, anafikicha macho kutwa nzima, vumbi la mtaani nalo ndo hilo, unamdondoshea dawa na siku mbili tatu macho meupe kabisa, kwahiyo kikiisha unanunua kingine, na kingine tena, na kumbe huko ndani presha inapanda kimyakimya na uoni unaanza kuliwa kwa pembeni ambako mtoto hata hawezi kukwambia. Hili linaniuma sana kwa kweli. Soma boksi, ukiona dexamethasone, betamethasone au prednisolone ujue hiyo ni steroidi, hata kama imechanganywa na antibayotiki.

Sio kila mtu inampata. Karibu theluthi moja ya watu presha inapanda kiasi, na kama watu 5 kwa 100 inapanda sana. Kwa matone mara nyingi inaanza kuonekana baada ya wiki 2 mpaka 6, watoto wengine mapema zaidi. Walio hatarini ni wenye glakoma tayari au ndugu wa damu mwenye nayo, wenye kisukari, na wenye tatizo kubwa la kutoona mbali. Na sio matone tu, vidonge, sindano za kwenye jicho, hata krimu za kujipaka usoni karibu na kope zinaweza, na krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi kali humo ndani.

Mashine ya mkononi ya kupima presha ya damu haikuonyeshi hii kitu, unatakiwa kwenda kliniki ya macho. Kipimo hakiumi, unapulizwa upepo kidogo kwenye jicho au unawekewa ganzi ya matone kisha wanaligusa na kifaa. Mtajie daktari dawa zote, krimu pia.

Ikikutwa imepanda mapema, dawa ikisitishwa mara nyingi inashuka ndani ya wiki 1 mpaka 4, wengine wanapewa matone ya kuishusha kama timolol, na wachache wanafanyiwa upasuaji. Ila kama unameza prednisolone kwa ajili ya pumu au figo usiiache ghafla eti umesoma hapa, mwili unakuwa umeshazoea na unaweza kuzidiwa vibaya, daktari ndo atakupunguzia dozi taratibu huku presha ya macho ikiangaliwa.