Matangazo ya mashamba na biashara vijijini Uskoti: wanayoamini watu na ukweli wenyewe

Matangazo ya zamani ya vijijini Uskoti, yale ya shamba linakodishwa, mnada wa ng'ombe, kinu kinatafuta mpangaji, wengi wanayasoma kama matangazo ya leo tu, mtu ana kitu anatafuta mteja basi yameisha. Mimi nakataa, na hili nalishikilia kabisa: mengi yalikuwa karatasi zenye nguvu ya sheria, na ukiyasoma kijuujuu utakosea kila kitu, kuanzia nani mwenye mali mpaka nani anayefukuzwa.

Tuanze na hii inayosikika sana, kwamba mkulima akitangaza mnada shambani kwake basi anauza shamba. Shamba si lake! Karne ya 18 na 19 ardhi ilikuwa mikononi mwa familia chache, wakulima karibu wote wapangaji, na mwenye nafuu kidogo alikuwa na mkataba wa miaka 19, huo ndo ulizoeleka. Sasa mkataba ukiisha, au mzee amefariki, au kodi imemshinda, unatangazwa mnada wa vyote vilivyomo: farasi, ng'ombe wa maziwa, plau, mikokoteni, haro, mpaka meza na makabati ya ndani. Dalali anapaza sauti, wanunuzi wenye wadhamini wanapewa miezi kadhaa ya kulipa, jioni zizi liko tupu na ardhi iko palepale kwa mwenyewe, ambaye naye ana tangazo lake la kutafuta mpangaji mwingine.

Na kwenye hilo tangazo la mwenye ardhi kuna kitu kinawachanganya watu, nyakati mbili za kuingia. Nyumba na malisho 15 Mei, mashamba ya kulima baada ya mavuno kutolewa. Mtu anadhani mchapaji kakosea. Hajakosea, yule anayeondoka alishapanda na ana haki ya kuvuna alichopanda, kwa hiyo kwa miezi kadhaa shamba moja lina wakulima wawili, mmoja analala pale na kuchunga, mwingine anasubiri shayiri yake ikauke. Unaweza kufikiria maneno yaliyokuwa yanapita hapo kati.

Kuna wanaoamini kila tangazo lilikuwa gazetini. Magazeti yalikuwepo, Aberdeen Journal tangu 1748, Inverness Courier tangu 1817, ila serikali ilitoza ushuru kila tangazo kuanzia 1712 mpaka 1853, na kuanzia 1815 mpaka 1833 ulikuwa shilingi 3 na peni 6 kwa tangazo moja, liwe la mistari miwili au ishirini sawasawa. Nani mwenye ng'ombe mmoja angelipa hiyo? Tangazo la kijijini lilikuwa mlangoni kwa kanisa. Jumapili ibada ikiisha parokia nzima imesimama pale nje, mtumishi wa kanisa anatangaza minada ya wiki na mifugo iliyopotea, na karatasi zinabandikwa mlangoni.

Tena si kwa ajili ya biashara tu. Sheria ya mwaka 1555 ilisema mpangaji anayetakiwa kuhama apewe notisi siku 40 kabla ya Pentekoste, apelekewe yeye mwenyewe au nyumbani kwake, itolewe pia juu ya ardhi yenyewe, na kisha kanisani wakati wa mahubiri. Yaani kuondolewa kwako kunasomwa mbele ya majirani zako wote. Kuanzia 1756 mwenye ardhi akaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwa sherifu, ambaye Uskoti ni hakimu wa wilaya na si polisi, akapata amri huko.

Hapo ndo inaingia dhana ambayo mimi inaniuma zaidi kuliko zote, kwamba zile hamishahamisha za nyanda za juu za Uskoti, familia za wapangaji kuondolewa kwa wingi kwenye ardhi, zilikuwa vurugu tu za watu wasiojali sheria. Natamani ingekuwa hivyo, manake sheria ingewatetea wale watu. Ukweli ni kwamba karatasi zilikuwepo, tena nyingi. Bonde la Strathnaver huko Sutherland, mwaka 1814, watu walitolewa kwa amri halali ili pawe malisho ya kondoo, na aliyesimamia, Patrick Sellar, wakala wa mali za Sutherland, ndiye huyohuyo aliyekuwa amepata kulikodi eneo hilo afuge kondoo wake. Nyumba zilichomwa. Akashtakiwa, mwaka 1816 mahakama ya Inverness ikamwachia huru. Na karatasi zenyewe ziliandikwa Kiingereza wakati wengi waliokuwa wanaondolewa lugha yao ni Kigaeli, wengine hawana nyingine kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia "walipewa notisi", mwambie ndiyo, walipewa, halafu muulize nani aliyeiandika na nani aliyeweza kuisoma.

Kinyume chake wapo wanaosema ardhi ikiuzwa tu mnunuzi anafagia kila mtu siku hiyohiyo. Hapana. Tangu 1449 kulikuwa na sheria inayomlazimisha mwenye ardhi mpya kuheshimu mikataba aliyoikuta, na ndiyo maana tangazo la kuuza ardhi linaorodhesha wapangaji, kodi zao na miaka iliyobaki. Ulinzi huo ulimhusu mwenye mkataba. Maelfu ya familia ndogo walikaa kwa mdomo tu, mwaka hadi mwaka, hawa hawakuwa na pa kushika mpaka sheria ya 1886 iliyowapa wakulima wadogo wa nyanda za juu na visiwani haki ya kutotolewa ovyo.

Kuhusu namba nitasema kwa kifupi. Usichukue eka na pauni za kwenye tangazo la zamani ukapiga hesabu moja kwa moja. Eka ya Kiskoti ilizidi ya Kiingereza kwa zaidi ya robo, na pauni 12 za Kiskoti zilikuwa pauni 1 ya Kiingereza. Vipimo vya Kiskoti vilifutwa kisheria na sheria ya 1824.

Biashara nayo, eti soko lilikuwa huru. Tangazo la kinu cha maji likijisifu kwamba wakulima fulani "wamefungwa" kwenye kinu hicho, maana yake wanalazimika kusagisha nafaka yao pale na kuacha sehemu ya unga kwa msagaji, hata kama kingine kiko karibu zaidi. Wateja walikuwa sehemu ya mali. Visiwani Shetland mpangaji alilazimika kumuuzia mwenye ardhi samaki wake, na mambo hayo yalikuwa bado yanachunguzwa na tume ya serikali mwaka 1872.

Na kama wateja waliweza kuhesabiwa ndani ya mali, basi hata binadamu mzima. Wengi wanaamini utumwa ulikuwa mambo ya Jamaika, haukufika mashambani Uskoti. Magazeti ya Edinburgh na Glasgow ya karne ya 18 yana matangazo ya kuuza Waafrika na ya kuwasaka waliotoroka, na wengine waliishi kwenye nyumba za shamba. Joseph Knight alizaliwa Afrika, akanunuliwa Jamaika akiwa mtoto, akaletwa Ballindean huko Perthshire kwa Sir John Wedderburn. Mwaka 1772 akasoma gazetini habari za kesi ya Somerset kule London, mtumwa aliyeachiwa na mahakama, akadai haki yake. Mahakimu wa kwanza wakamrudisha kwa bwana wake, sherifu wa Perth akampa ushindi 1774, na mahakama kuu ya Edinburgh mwaka 1778 ikasema sheria ya Uskoti haitambui utumwa.

Wachimba makaa ya mawe Waskoti wenyewe, waliofungwa na sheria ya 1606 wasiweze kuacha kazi ya mgodini, mgodi ukiuzwa nao walikwenda na mgodi, wao na kazi yao, kwa bwana mpya. Sheria ya 1775 ilianza kuwafungua kidogokidogo na kwa masharti mengi, wakawa huru wote 1799, miaka 21 baada ya ushindi wa Knight.